Mbalamwezi Ndiyo Inayoua Betri Yako

Mdogo wangu wa Kigamboni, barua yako nimeisoma yote, na nimeona niijibu hapa mbele ya wenzako kwa sababu shida hii si yako peke yako. Siku hizi wapo wanawake wengi wenye hisa katika vyombo vinavyoshusha samaki pale Feri, Magogoni. Wengine wamerithi kama wewe, wengine wametia fedha ya kikoba. Samaki wanawajua, bei wanazijua, mnada wanaucheza vizuri kabisa, ila mambo ya umeme wa chombo yameachwa kwa nahodha na fundi, na wao wanaletewa gharama tu.

Unasema boti yenu ya dagaa imekula betri tatu katika muda mfupi. Nahodha anasema betri zote za siku hizi ni feki. Fundi anasema ziongezwe asidi. Kaka yako anataka uuze dhahabu yako mnunue za lithiamu. Nawe unaniuliza umsikilize nani.

Kwanza nijibu swali ambalo hukuligusa kwenye barua: betri zenu hukaa wapi siku za mbalamwezi?

Unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukishawaka taa haina kazi. Giza likiisha watu wanapumzika. Nyavu zinashonwa, boti inakwanguliwa, mashine inafunguliwa. Betri inashushwa ikiwa imechoka, maana usiku wa mwisho iliwasha taa mpaka alfajiri, kisha inasukumwa pembeni mwa banda na hakuna anayeitazama hadi giza jipya. Inakaa wiki nzima, pengine zaidi, ikiwa karibu tupu. Hapo bandani ndipo inapofia, mdogo wangu. Baharini mnakwenda kuuona msiba tu.

Nikueleze kwa nini, ili mtu asikuzungushe. Ndani ya betri ya kawaida mna sahani za risasi zilizolowa maji yenye asidi ya salfa. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1859, na mpaka leo msingi wake ni uleule. Inapotoa umeme, asidi hutoka kwenye maji na kushikamana na sahani, na sahani hufunikwa na chumvi nyeupe ya risasi. Ukiichaji mapema, chumvi ile inayeyuka na asidi inarudi kwenye maji. Ukiiacha siku kadhaa, chumvi inakomaa na kuwa ngumu, na chaja haiwezi tena kuing'oa. Sehemu hiyo ya sahani imefungwa moja kwa moja. Mbalamwezi ijayo inafungwa sehemu nyingine. Baada ya miezi michache mna betri ambayo kwa nje ni mpya, inajaa chaji haraka ajabu, na inaisha haraka vilevile. Nahodha akiona hivyo anasema feki. Simlaumu, maana dalili zinafanana.

Joto letu nalo linaongeza kasi. Hesabu ambayo mafundi wa betri duniani kote huitumia ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, maisha ya betri hupungua karibu kwa nusu. Sasa fikiria banda la mabati mwezi wa Februari, kaskazi imeshika, mlango umefungwa mchana kutwa.

Kwa hiyo agizo langu la kwanza halina gharama kubwa. Betri ikishuka botini, ichajiwe siku hiyohiyo. Kesho ni kuchelewa. Giza likiisha, ichajiwe mpaka ijae kabisa ndipo ipumzishwe, na ipumzishwe kivulini penye hewa. Kama banda lina paa zuri, weka juu yake sola ndogo ya wati 20 yenye kontrola yake. Betri iliyopumzika hupoteza umeme kidogo sana kwa siku, na sola hiyo inatosha kuurudisha wote hata mawingu yakiwepo. Ningekuwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya boti yenu, ningenunua hicho.

Cha pili ningenunua mita ya kupimia volti. Zipo za bei nafuu Kariakoo, na kuisoma ni rahisi. Baada ya kuchaji, iache betri saa kadhaa bila kuwasha kitu, ndipo upime. Ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni robo tatu, na hapo ndipo chumvi inapoanza kukomaa ukiiacha. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Chini ya hapo kila saa inayopita inakula maisha yake. Usipime ikiwa bado kwenye chaja ukafurahia kuona 14, maana hiyo ni namba ya chaja.

Kama betri zenu zina vifuniko vya kufungua, tafuta pia haidromita, lile bomba la kioo lenye kielezo ndani, uvute maji ya kila chumba. Vyumba ni sita. Chumba kilichojaa husoma karibu 1.265, kilichobaki nusu husoma karibu 1.190. Unachotafuta hasa ni tofauti kati yao. Vitano vikisoma 1.250 na cha sita 1.150 baada ya kuchaji vizuri, chumba hicho kimekufa na betri nzima inakifuata. Usiwape tena watu fedha ya kuiamsha.

Na sasa huyo fundi wa asidi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ushauri huu umeua betri nyingi na bado unauzwa kila siku. Maji ya betri yanapopungua, kinachopungua ni maji. Asidi haipai hewani, imebaki humo ndani, sehemu yake ikiwa imejificha kwenye sahani. Ukimwaga maji makali juu yake, betri inaamka kweli siku mbili tatu, na fundi anaonekana bingwa. Lakini sasa asidi imezidi kipimo, inazila sahani na kuta zinazozitenganisha, na haidromita inakudanganya kwamba chumba kimejaa wakati hakina kitu. Asidi hutiwa mara moja tu, siku betri kavu inapofunguliwa. Baada ya hapo ni maji baridi peke yake, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa chupa.

Maji ya kisima hapana, visima vingi vya pwani vina chumvi. Ya bomba hapana. Ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu pia hapana. Ongeza baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu maji hupanda wakati wa chaji na ukijaza mapema yatafurika na kumwagika na asidi yake. Sahani zifunikwe vizuri, basi. Zikikutwa wazi kabla ya kuchaji, ongeza kiasi cha kuzifunika tu, mengine baadaye.

Vaa miwani. Mshushe mtoto mgongoni kabla hujafungua vifuniko. Tone likikuangukia, maji mengi mara moja, dakika nyingi, na likiingia jichoni ni maji hukuhuku mnaelekea hospitali. Asidi iliyomwagika juu ya betri au kwenye mbao, inyunyizie magadi yaliyokorogwa kwenye maji mpaka iache kutoa povu. Na betri inapochajiwa hutoa haidrojeni. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inalipua, kwa hiyo banda la kuchajia liwe wazi na mvuta sigara akae mbali.

Tuje kwenye ukubwa, maana nina wasiwasi mliua betri kwa kuzibebesha pia. Umesema mnatumia N70. Hiyo ni betri ya gari. Sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, selfu izunguke, halafu injini iijaze tena. Haikuzaliwa kuwasha taa usiku kucha.

Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu. Tuseme taa zenu ni tano za LED, kila moja wati 20. Jumla wati 100. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea nane na kidogo. Zikiwaka saa kumi, mmetumia ampea-saa 83. N70 ina ampea-saa 70 hivi ikiwa mpya. Yaani mnaitaka itoe zaidi ya ilichonacho, na betri ya risasi inayotakiwa kudumu haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa kazi hiyo mnahitaji ampea-saa 170 hivi kwenda juu: N200 moja, au mbili za 100 zilizounganishwa sambamba, na mbili hizo ziwe za aina moja na umri mmoja. Afadhali ziwe zile za sola zenye sahani nene. Ukifunga mpya na kuukuu pamoja, kuukuu itainyonya mpya mpaka zilingane.

Na umeme uliotoka lazima urudi. Kutoa 83 ni kurudisha karibu 100, kwa sababu njiani unapotea. Chaja ya ampea 10 itahitaji saa kumi na ziada, kwani mwisho wa chaji huenda polepole. Mkichaji kwa saa tatu kisha mkarudi baharini, mnaanza usiku betri ikiwa bado haijajaa. Sola ya wati 100 kwenye jua zuri la Dar inaingiza takriban ampea-saa 30 kwa siku, kwa hiyo moja haitoshi siku za kazi. Msiitegemee mashine pia: injini nyingi ndogo za kuvuta kamba zinatoa umeme mdogo, na nyingine hazitoi kabisa.

Kuna betri moja zaidi ambayo naisisitiza kuliko taa za dagaa. Mlango wa bandari pale Magogoni ni mwembamba. Pantoni zinakata kwenda na kurudi, na katikati yao zinapita meli za mizigo ambazo haziwezi kusimama ghafla wala kukukwepa. Boti inayorudi saa kumi alfajiri taa zake zikiwa zimekufa haionekani kabisa na nahodha wa meli. Wekeni betri ndogo ya pekee kwa taa za njia, nyekundu kushoto na kijani kulia na nyeupe yake, na kwa simu au redio. Isiguswe kwa kazi nyingine, hata dagaa wakiwa wengi namna gani. Kuna roho za watu humo.

Siku ya kununua, nenda mwenyewe. Kutoka Feri mpaka Kariakoo si safari, na maduka ya betri na vipuri utayapata Gerezani na mitaa ya jirani. Usiende jioni ukiwa na haraka ya kuwahi pantoni, maana mwenye haraka huuziwa chochote. Tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokwishatiwa maji ikakaa dukani miezi mingi imeshaanza kufa kama ile ya bandani kwenu. Pima volti mbele ya muuzaji. Ikiwa chini ya 12.4 iache. Zinyanyue mbili za ukubwa mmoja, nyepesi mno ina risasi kidogo. Kagua kama stika imebandikwa juu ya stika, na kama vichwa vina mikwaruzo ya klampu, kwa sababu kuna betri za zamani zinazooshwa na kurudishwa sokoni. Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye tarehe. Bila hivyo, ikifa mwezi ujao huna pa kusemea.

Ukinunua betri kavu, ikatiwa maji makali pale dukani, usikubali ipakiwe kwenye bajaji iende moja kwa moja baharini. Ikae nusu saa sahani zinywe, kisha ichajiwe hadi ijae. Hii ni hatua ambayo wengi wanairuka.

Kufunga botini: unapotoa ya zamani, fungua waya wa hasi kwanza, ndipo chanya. Unapoweka mpya, anza na chanya, malizia hasi. Ukikosea mpangilio, spana ikagusa chanya na chuma cha injini kwa pamoja, itatoa moto mkononi mwa fundi. Vichwa visuguliwe kwa msasa ving'ae, vikazwe, kisha vipakwe grisi, maana hewa ya chumvi haina huruma. Fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na chochote.

Betri ikae kwenye sanduku lake lenye kifuniko na matundu ya hewa, ifungwe kwa mikanda hata boti ikipigwa ubavu isihame, na iwe juu ya maji ya ngama. Maji ya bahari yakiingia ndani ya betri hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu. Tena iwe mbali na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kulala ngamani, ukingojea cheche.

Kuhusu lithiamu ya kaka yako, hajakosea yote. Zile za fosfeti ya chuma ni nyepesi, ya ampea-saa 100 ina uzito chini ya nusu ya betri ya risasi, zinakubali kutumika karibu zote, na zinavumilia kukaa nusu chaji bila kuota chumvi. Lakini zinataka chaja yake na kontrola iliyowekwa kwa ajili yake, na zina kinga ya ndani inayoweza kukata umeme ghafla. Ikikata wakati injini inaichaji, oltaneta inaweza kuungua. Na sokoni kuna zilizoandikwa namba kubwa kuliko zilichobeba. Usiuze dhahabu yako mwaka huu. Kwanza boti ijifunze kutunza betri ya kawaida. Banda likishakuwa na utaratibu, hesabu ya lithiamu itakuwa na maana.

Sasa lile lililo gumu kuliko yote: nani atafanya haya? Kwa jinsi ulivyoeleza, betri ikifa wewe na kaka yako mnalipa, mabaharia hawapotezi kitu. Kila chombo kina utaratibu wake wa mgao, nami sitaki kuvuruga wa kwenu, lakini zungumzeni gharama ya kuchaji na akiba kidogo ya betri zitolewe kwenye gharama za safari, pamoja na mafuta na barafu, kabla ya kugawana. Kisha achaguliwe kijana mmoja, alipwe kitu kidogo kwa kazi hiyo, awe na daftari: tarehe, volti wakati wa kushusha, volti baada ya kuchaji, maji yameongezwa lini.

Usimpelekee nahodha habari hii mbele ya vijana wake. Ni mtu mzima, bahari anaijua kuliko sisi sote. Msubiri amekaa, msalimie, mwambie, "Mzee, shikamoo. Naomba unisaidie jambo la betri, maana naona zinatutia hasara sote." Mwonyeshe mita, mwache apime yeye. Akiiona namba ya bandani kwa macho yake, hutahitaji maneno mengi.

Nimalizie na zile tatu zilizokufa. Umeandika kwamba ziko uani, na watoto wanazikalia. Nimesoma mstari huo mara mbili. Mdogo wangu, ziondoe leo. Risasi ni sumu, na mtoto mdogo huifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Inaharibu ubongo unaokua, na mama mjamzito huipitisha kwa aliye tumboni. Kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi pembeni ya Dakar, Senegali, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa vumbi la risasi lililotokana na betri kuukuu zilizokuwa zikipasuliwa mtaani. Karibu na sisi, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu hiyohiyo. Mama mmoja, Phyllis Omido, alisimama kidete baada ya mwanawe wa kunyonya kukutwa nayo mwilini. Alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na kesi ya wakazi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya.

Kwa hiyo asitokee mtu wa kuzipasua uani apate risasi ya kuyeyushia chubwi za nyavu, hata akiwa mjomba. Zisipinduliwe, asidi isimwagwe mchangani wala ufukweni. Zisimamishe wima kwenye beseni la plastiki, zipeleke dukani siku ya kununua mpya na uulize watakupunguzia kiasi gani, au umuuzie mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi, na mwambie akuonyeshe hicho kibali. Pale zilipokuwa pakwanguliwe, udongo wa juu utiwe kwenye mfuko mzito aondoke nao huyohuyo mnunuzi, sakafu ioshwe kwa maji, isifagiliwe kavu. Watoto wanawe mikono na wabadilishwe nguo. Na kama kuna mmoja wao aliyekuwa akilalamika tumbo au amepungua damu bila sababu, mpeleke hospitali umweleze daktari wazi kwamba nyumbani kulikuwa na betri, ili ajue cha kupima.